Chuo na Karakana

Wako wasemao kwamba mwanachuo akishika nyundo hujishushia cheo. Hayo ni maneno ya kiburi. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, Herman Schneider aliwapanga wanafunzi 27 wa uhandisi wawe juma moja darasani na juma la pili kiwandani, wakilipwa ujira. Mpango huo ungali hai hata leo. Kwetu Kenya mwanafunzi hupelekwa kazini miezi michache tu, mara nyingi bila malipo, na wengine huko hutumwa kuleta chai. Kisha matajiri wale wale humkataa, ati hana ujuzi! Angaliupata wapi, naye hakuruhusiwa hata kuigusa mashine? Vyuo na waajiri na wagawane mafunzo haya tangu mwaka wa kwanza, na ujira utolewe.