MI'RAJI HAIKUHITAJI CHOMBO CHA FILAMU



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kila ukikaribia usiku wa mwezi 27 Rajabu kuna video zinazunguka kwenye simu zetu. Nyota zinapita mbio, chombo cha angani kimekatwa kutoka kwenye filamu, na msemaji anatangaza kuwa Einstein amethibitisha Mi'raji, kuwa Buraqi alikwenda kwa kasi ya nuru, na kuwa Qur'ani imetaja kasi hiyo kwa hesabu kamili. Chini yake watu wanaandika Allahu Akbar.

Allah ni Mkubwa, hilo halina shaka. Lakini maneno yale si kweli, na anayekuja kuumia ni mtoto wako. Tuyapime.

KWANZA: HESABU YA KASI YA NURU

Wanashika Surat As-Sajda, aya ya 5, inayotaja siku ambayo kipimo chake ni miaka elfu ya hesabu yetu. Wanasema miaka elfu ni miezi 12,000. Basi chukua umbali ambao mwezi unauzunguka mara 12,000, gawa kwa sekunde za siku moja, utapata kasi ya nuru: kilomita 299,792 kwa sekunde.

Chukua simu yako ufanye mwenyewe. Mwezi uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400, na mzunguko wake mmoja ni kama kilomita 2,415,000. Zidisha kwa 12,000, gawa kwa 86,400. Utapata zaidi ya 335,000. Imezidi kwa asilimia 12! Wao hufanyaje? Huzidisha tena kwa namba nyingine, kama 0.89, mpaka litoke jibu walilokuwa nalo tangu mwanzo. Mwanafunzi akifanya hivyo kwenye mtihani anapewa sifuri. Sisi tunafanya hivyo juu ya Kitabu cha Allah, kisha tunaita daawa?

Na Surat Al-Ma'arij, aya ya 4, imetaja siku ya miaka elfu hamsini. Kwa mtindo wao huo, kasi ya nuru inakuwa mara hamsini zaidi? Wanyamaze kidogo watujibu.

PILI: EINSTEIN HAKUSEMA WANAYOMSINGIZIA

Hapa ndipo pazito, someni taratibu. Nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 inasema mambo mawili. La kwanza, kitu chenye uzito hakiwezi kufikia kasi ya nuru, kwa sababu kila kikiikaribia kinahitaji nguvu zaidi na zaidi bila kikomo. La pili, anayekwenda kwa kasi kubwa sana saa yake hupita polepole kuliko ya aliyebaki nyumbani. Hili limepimwa, na saa za satelaiti zinazoongoza ramani za simu zenu husahihishwa kwa hesabu zake.

Sasa tupige mfano. Nyota ya karibu kabisa baada ya jua iko umbali ambao nuru huchukua miaka 4.2 kuumaliza. Mtu akiondoka Makka kwa asilimia 99 ya kasi ya nuru, afike huko na kurudi, yeye atahesabu mwaka mmoja na miezi miwili hivi. Lakini Makka itakuwa imepita miaka minane na nusu!

Mmeliona tatizo? Kwa Einstein, msafiri ndiye anayeona muda mfupi, na waliobaki ndio wanaozeeka. Mtume (s.a.w.) aliondoka na kurudi, na watu wa Makka hawakuhesabu ila usiku mmoja. Nadharia hiyo haiithibitishi safari hii. Inakwambia kwamba kwa njia za kawaida za maumbile haiwezekani kabisa, na jambo lisilowezekana kwa njia za kawaida, Allah akalifanya, ndilo tunaloliita muujiza. Na kwa kasi ya nuru hasa, usiku mzima usingemfikisha mtu hata kwenye nyota hiyo moja, sembuse mbingu saba. Wanadhani wanamtukuza Mtume, kumbe wanampunguzia safari.

TATU: TUSICHANGANYE HADITHI NA HADITHI

Wengine wakibanwa hapo hukimbilia filamu. Star Trek ilianza mwaka 1966, Star Wars mwaka 1977, na zote vyombo vyake huipita nuru. Kwa nini? Kwa sababu nyota ziko mbali, na bila hivyo mashujaa wangekufa njiani na hadithi ingekwisha. Ni hitaji la msimuliaji. Mwaka 1994 mwanafizikia Miguel Alcubierre alionyesha kwenye karatasi namna anga linavyoweza kukunjwa mbele ya chombo na kutanuliwa nyuma yake. Lakini hesabu yake inataka nishati hasi kwa kiasi ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukipata. Hiyo ni hesabu ya karatasini, hakuna chombo. Utaitundikaje aqida yako hapo?

Kumbukeni Septemba 2011. Wanasayansi walitangaza kuwa chembe ziitwazo nutrino, zilizotumwa kutoka CERN kule Uswisi hadi Gran Sasso, Italia, kama kilomita 730, zimeitangulia nuru kwa sehemu 60 za bilioni ya sekunde. Dunia ikatikisika. Mwaka 2012 wakakuta waya mmoja haukukazwa vizuri, wakapima upya, wakasema hadharani: haikuwa kweli. Lau imamu angejenga khutba yake juu ya habari ile, angebaki wapi? Na wao wamesahihisha. Sisi video zetu nani anazifuta?

Utaniambia: "Sheikh, lakini zinawavuta vijana kwenye dini." Ndugu yangu, zinawavuta mpaka lini? Kijana huyo kesho yuko chuo kikuu, mwalimu wa fizikia anampigia hesabu ubaoni, na uongo wetu unaanguka mbele ya wenzake. Hatasema "sheikh wa mtandaoni alikosea." Atajiuliza kama Qur'ani yenyewe ndiyo iliyokosea. Dhambi hiyo ataibeba nani?

Maquraishi waliikataa Isra kwa hesabu: msafara wa ngamia huchukua mwezi kwenda Sham na mwezi kurudi. Hesabu yao ilikuwa sahihi! Abubakar (r.a.) hakuwaletea hesabu nyingine. Alisema kwamba ikiwa Muhammad amesema, basi amesema kweli, kwani anamsadiki katika kubwa kuliko hilo, habari zinazomjia kutoka mbinguni. Kwa hilo akaitwa Siddiq.

Basi wasomesheni watoto fizikia, tena waisome sawasawa. Na Mi'raji wasomesheni kama ilivyopokewa. Kabla ya kubonyeza kutuma, kumbuka Surat Al-Isra yenyewe, aya ya 36, inakukataza kufuata usilo na elimu nalo, na masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, uwahifadhi vijana wetu, na uzilinde ndimi zetu tusikuzulie uongo. Aamiin.

Wallahu a'lam.