MNYONGE MNYONGENI, HAKI YAKE MPENI

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa kwamba Jimmy Carter alikuwa rais aliyeshindwa kazi. Waunga mkono walishinda kwa makofi. Mimi nilinyamaza kama maji mtungini. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimevuliwa ukiranja wa bweni, na nilihisi kana kwamba ni mimi ninayejadiliwa. Leo nimepoa, naomba nafasi niseme yangu.

Kwanza tusidanganyane. Carter, mkulima wa njugu karanga kutoka Plains, mji mdogo wa jimbo la Georgia, alitawala Marekani kuanzia 1977 hadi 1981, na makosa yake hayafunikiki kwa kawa. Alihubiri haki za binadamu dunia nzima. Lakini usiku wa kuamkia mwaka 1978 alikaa mezani na Shah wa Iran mjini Tehran, akammiminia sifa, ilhali wapinzani wa Shah walikuwa wakiteswa korokoroni. Mwaka 1979 mapinduzi yakamng'oa Shah, na Wamarekani 52 wakashikwa mateka kwa siku 444. Jaribio la kuwaokoa, Aprili 1980, liliishia jangwani na wanajeshi 8 wakafa. Nyumbani nako bei za bidhaa zilipanda ajabu. Uchaguzi ulipofika Novemba, kati ya majimbo 50 alipata 6 tu! Mateka waliachiliwa siku ileile mshindi wake, Ronald Reagan, alipoapishwa. Hapo ndipo wenzangu walipoangua kicheko.

Lakini jamani, mbona hakuna aliyetaja Camp David? Septemba 1978, kwa siku 13, Carter alikaa huko na Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israeli. Wawili hao walipokuwa hawataki hata kuonana, yeye alibeba maneno kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Mkataba wa amani ukatiwa saini Machi 1979, na tangu hapo Misri na Israeli hazijapigana vita. Najua haukuwapa Wapalestina nchi yao, na hilo ni pengo kubwa. Hata hivyo, je, hiyo ni kazi ya mtu aliyeshindwa kabisa?

Aliondoka Ikulu akiwa na miaka 56, biashara yake ya njugu imezama katika madeni. Hakung'ang'ania kiti. Alirudi Plains, na mwaka 1982 yeye na mkewe Rosalynn wakaanzisha Kituo cha Carter. Kuanzia 1986 kituo hicho kiliuandama mnyoo wa Guinea. Mtu hunywa maji ya bwawa yenye vijidudu, na baada ya mwaka hivi mnyoo wa urefu wa hadi mita moja hutoboa ngozi na kutoka polepole, kwa maumivu makali. Hauna dawa wala chanjo. Kinga ni kuchuja maji kwa kitambaa na kumzuia mgonjwa kutia mguu bwawani. Mwaka 1986 wagonjwa walikisiwa kuwa milioni 3.5, mwaka 2024 walikuwa 15 tu duniani. Mwaka 1995 Carter alizishawishi hata pande zilizopigana Sudan zisitishe vita ili wahudumu wafike vijijini. Kenya yetu ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 kuwa haina tena ugonjwa huo. Si kazi ya Carter peke yake, wahudumu wa vijijini ndio waliotembea juani. Lakini alipofariki tarehe 29 Desemba 2024, akiwa na miaka 100, wengi walikuwa wakitembea kwa miguu mizima kwa sababu yake pia.

Wapo wanaosema wema huo umefuta makosa ya Ikulu. Hapo nakataa. Mfungwa wa Shah hakupona kwa sababu mnyoo umepungua duniani. Na waliocheka nao wamekosea, maana hesabu ya mtu haifungwi siku anaponyang'anywa cheo. Hesabu ni mbili, na zote zisomwe.

Nami niseme ukweli wangu. Nilivuliwa ukiranja kwa haki: niliandika majina ya wapiga kelele nikawaruka marafiki zangu. Kisha nikanuna. Tangi la maji la bweni, nililokuwa nikisimamia lioshwe kila Jumamosi, nikasema ati wenye vyeo waoshe. Likaota ukoga wa kijani, na maji hayo hata mimi niliyanywa.

Jumamosi iliyopita niliingia tangini na brashi. Sikupewa cheo, na makosa yangu ya daftari bado yapo palepale. Lakini maji ni safi.

Je, nawe msomaji waonaje? Wasalaam.

Mwanachama, Kidato cha Tatu