Makerere Si Mali ya Mkoloni

Asemaye kwamba Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lililokamilika mwaka 1941, ni masalio ya ukoloni yasiyostahili kuhurumiwa, anamkabidhi mkoloni mali isiyo yake. Mkoloni alitaka wasaidizi watiifu. Makerere ikamzalia wapinzani. Mwalimu Nyerere alisoma hapo kuanzia 1943 hadi 1945; Obote akafuata. Ndiyo maana moto wa Septemba 20, 2020, ulioteketeza paa na nyaraka, ulikuwa hasara ya umma, na Uganda ilitenda haki kulijenga upya na kulifungua mwaka 2024. Lakini paa hujengwa upya. Jalada lililoungua halirudi. Mtumishi au mwalimu anayerundika nyaraka za umma darini bila ulinzi anaichoma historia kabla moto haujafika.