Nyumbani Mwetu: Mbwa Anayejivua Mkanda

Mwezi huu tumeona tuandike juu ya mlinzi wa nyumba, yaani mbwa, na hasa yule ambaye kila akifungwa hujivua mkanda wa shingoni na kutokomea. Huenda wengine watacheka na kuuliza kama gazeti la akina mama limeishiwa na habari. Lakini ni nani anayempikia mbwa, anayemfungua usiku na kumfunga alfajiri, na anayeitwa langoni jirani anapokuja na mtoto anayelia huku ameshika mguu? Mara nyingi ni mama.

Katika Kutoka 21:29 imo sheria ya ng'ombe mwenye mazoea ya kupiga watu kwa pembe. Mwenyewe akiwa ameonywa, asimzuie, naye ng'ombe akaua mtu, lawama yote humwangukia yeye. Tunaona sheria hiyo inamgusa vilevile mwenye mbwa ambaye mtaa mzima unajua kuwa hutoroka. Mara ya kwanza ni bahati mbaya. Mara ya tatu si bahati tena.

Kwanza tujue anavyotoroka. Watu wengi hudhani mbwa hukata kamba kwa kuvuta mbele. Wako wanaofanya hivyo, lakini yule mjanja hurudi nyuma. Hukaza miguu ya mbele, huinamisha kichwa, hulaza masikio, kisha hurudi kinyumenyume mpaka mkanda uteleze juu ya kichwa. Nasi tukisimama mbele yake na kumvuta kwa hasira, tunamsaidia kuuvua! Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana kichwa chembamba na shingo nene, ndiyo maana mkanda wa kawaida hauwafai sana.

Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima shingo juu kabisa, nyuma tu ya masikio, kisha pima kichwa mahali kilipo kinene. Kama kichwa kinazidi shingo kwa kiasi cha kutosha, mkanda wa kawaida wenye bizimu ya chuma utatosha. Ukae juu shingoni, usining'inie mabegani, na vidole viwili vipite chini yake kwa kulala. Vikipita vinne, huo ni mkufu wa urembo. Mbwa mwenye manyoya mengi hudanganya, kwa hiyo pitisha vidole chini ya manyoya.

Kichwa na shingo vikiwa karibu sawa, kuna mkanda wa namna ya pili. Huo una kitanzi kidogo kilichounganishwa na kikubwa. Kamba hufungwa kwenye kile kidogo, na mbwa akirudi nyuma kikubwa hujikaza, lakini kina kikomo. Ukikazwa wote, ulingane na kipimo cha shingo nyuma ya masikio, usiwe mdogo kuliko hapo. Usichanganye mkanda huu na mnyororo wa kukaba, ambao hauna kikomo na waweza kuumiza koo. Huu wa vitanzi viwili ni wa kutembea naye tu. Usimwache amefungwa nao peke yake, kwani ukinasa penye mti au seng'enge atajinyonga.

Kwa yule sugu kabisa tunapendekeza mikanda ya kifuani. Hata hapa angalia vizuri, kwa maana ile inayouzwa kwa wingi ina mikanda miwili tu, mmoja shingoni na mmoja nyuma ya miguu ya mbele. Mbwa akirudi nyuma, hukunja viwiko na kuivua kama mtoto anayevua fulana. Itakayomshika ni yenye mkanda wa tatu, unaozunguka kiuno baada ya mbavu kwisha. Kiuno cha mbwa asiye mnene ni chembamba kuliko kifua chake, hivyo kifua hakiwezi kupita hapo.

Usipoipata dukani, nenda kwa fundi viatu pamoja na vipimo vitatu: shingo, kifua na kiuno. Mwambie mikanda hiyo iunganishwe kwa mmoja unaopita mgongoni na mwingine tumboni, na pete ya kufungia kamba iwe mgongoni. Ngozi nzuri au turubai nene vyafaa. Uzi uwe wa nailoni, bizimu ziwe za chuma, maana vifungo vya plastiki huvunjika. Mwenye wasiwasi zaidi aongeze kipande kifupi cha kuunganisha mikanda hiyo na ule wa shingoni, kimoja kikiachia kingine kishike.

Ijaribu ndani ya ua, lango likiwa limefungwa. Mpe mbwa tonge la ugali ukimvalisha, azoee siku chache kwa dakika chache. Kisha simama mbele yake, umvute polepole arudi nyuma kama kawaida yake. Akitoka, afadhali atoke hapo. Na kila mwezi kagua ngozi, kwa sababu jua na mvua huipasua.

Tafadhali, akina mama, tusitumie waya wala kamba ya katani shingoni mwa mtoto wa mbwa. Yeye hukua, kamba haikui. Huingia ndani ya nyama, na mara nyingi nyumba nzima hugundua inaposikia harufu. Pima kila juma mpaka akome kukua.

Kisa cha kusisitiza haya yote ni kichaa cha mbwa. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaokufa kwa ugonjwa huu duniani huambukizwa na mbwa, na watoto ndio huumwa sana. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya mbwa huzuia, nayo huhitaji kurudiwa kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Lakini siku ya chanjo ndiyo siku ya kelele na mbwa wengi wageni, na mara nyingi tunamtuma mtoto wa miaka kumi ashike kamba. Mbwa asiyeshikika harudi amechanjwa. Huishia vichakani, na mtoto huona haya kusema.

Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo.

Na mbwa akiponyoka njiani, msimkimbize wala kupiga kelele, atadhani ni mchezo au vita. Chuchumaa, geuka kando, umwite kwa sauti ile ya wakati wa chakula, au anza kutembea kuelekea nyumbani. Mtu mmoja atangulie kufungua lango. Akirudi, asipigwe hata kama amekutia aibu mbele ya mtaa mzima, maana kesho ukimwita atakumbuka fimbo.