Kikombe Kimoja na Vijana Wengi

Ndugu wasomaji, nina neno juu ya michezo ya vijana wetu wa kanisa. Najua litawaudhi wengine, lakini mwalimu anyamazaye aonapo watoto wakipotea hastahili mshahara wake.

Kila mwaka hapa kwetu Upare twafanya mashindano ya mpira baina ya mitaa, kugombea kikombe. Mwaka jana niliona kwa macho yangu vijana wa mtaa mmoja wakikataa kuwapa mkono wenzao wa mtaa wa pili, kwa sababu ya bao lililokataliwa na mwamuzi. Jumapili iliyofuata waliketi mbalimbali kanisani, hawa upande huu na hawa upande ule. Nikajiuliza: Je, tumewakusanya au tumewatawanya?

Tena hesabu haidanganyi. Timu mbili zina wachezaji 22. Penye vijana 60, basi 38 husimama kando ya uwanja: wasichana, wadogo, wazito wa mwili, na yule mwenye mguu mbovu. Hao ndio wahitajio kunyosha viungo kuliko wote, nao hurudi nyumbani bila kutoa jasho. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 wapate kwa wastani dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Halikusema kwamba lazima mtu amshinde mwenziwe.

Wako wasemao, "Hata Mtume Paulo aliwataja washindanao kwa mbio alipowaandikia Wakorintho." Kweli, aliwataja. Lakini taji aliyoisifu ni ile isiyoharibika, na mtu akiipata hamnyang'anyi ndugu yake.

Wengine husema kwamba pasipo kikombe vijana hawatakuja. Basi, wazee wetu waliwaitaje watu kwenye msaragambo? Mbiu ilipigwa, watu wakatoka na majembe, wakazibua mifereji na kuondoa tope katika ndiva, yaani bwawa la maji ya mashamba. Waliimba, wakapokezana, aliyechoka akapumzika, na mwishowe maji yakafika kwa wote. Nani alishindwa siku ile?

Kwa hiyo nashauri hivi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi vijana wote, wavulana kwa wasichana, wamlimie mjane au mzee asiye na mtu. Ya pili watembee pamoja mpaka kanisa la mtaa mwingine, na mwendo wao uwe mwendo wa aliye nyuma kabisa. Ya tatu waruke kamba na kucheza ngoma zetu zilizo njema, katika duara, pasipo wa kwanza wala wa mwisho. Ya nne wapande kilima. Si lazima wafike kilele cha Shengena, mrefu kuliko milima yote ya Upare. Kilima cha nyuma ya shule chatosha, mradi wote wafike.

Mpira siuchukii, niliucheza nilipokuwa chuoni. Na wauchezee furaha, vijana wa mitaa wakichanganywa, na fedha ya kikombe inunue majembe na kamba.

Wazee wa kanisa, yule kijana wa kando ya uwanja anawatazama. Siku atakapouliza kwa nini hamkumwekea nafasi, mtamwonyesha kikombe?

Ni mimi ndugu yenu,
Mwalimu wa Upare