Majeruhi wa kichwa asitoke wadini kabla ya jamaa zake kufundishwa

KILA ajali mbaya inapotokea katika barabara kuu za eneo letu, sisi huhesabu waliokufa. Mnamo Desemba 31, 2017, watu 36 waliangamia Migaa, karibu na Salgaa, basi lilipogongana na lori usiku wa manane. Juni 30, 2023, lori liliwavamia watu katika makutano ya Londiani na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Majeruhi nao hupewa sentensi moja tu gazetini: wamelazwa hospitalini. Baada ya hapo hatuwasikii tena.

Lakini wapo. Miongoni mwao ni wale walioumia ubongo, na hao ndio wenye safari ndefu kuliko wote. Waongeze vijana wa bodaboda wanaoanguka kila wiki bila kofia ya chuma, mafundi wanaoporomoka kutoka majengo yanayochipuka kila pembe ya jiji hili, na wazee waliopatwa na kiharusi, ambao mahitaji yao nyumbani hayatofautiani sana na ya hao wengine.

Mtaani kwetu yupo kijana mmoja aliyegongwa akiendesha pikipiki. Madaktari walifanya kazi yao vyema na kuyaokoa maisha yake. Baada ya majuma sita aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na pakiti ya tembe na kadi ya kliniki. Mama yake, muuzaji mboga, alimpokea kwa furaha, akamlaza kitandani na kumwacha apumzike. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mtu asiyeweza kujigeuza hufaa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Mwezi haukuisha kabla ya kidonda kumtoboa kiunoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja na kukakamaa. Kijana alirudishwa wadini, na safari hii si kwa sababu ya ubongo. Kidonda hicho nusura kimuue.

Kidonda kile kingezuiliwa kwa somo la nusu saa. Ndiyo maana ninasema: hospitali isimruhusu aliyeumia ubongo kwenda nyumbani kabla ya angalau watu wawili wa jamaa yake kufundishwa kumtunza, tena wafundishwe kwa mikono yao, si kwa kuambiwa tu mlangoni.

Najua nitaambiwa kwamba wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Ni kweli. Hata hivyo, jamaa hao tayari wako kando ya kitanda kila saa ya kuwaona wagonjwa, wakiwa wameshika chupa ya uji. Badala ya kuwafukuza kengele ikilia, wachukuliwe kuwa wanafunzi. Mgonjwa anayerudi na kidonda hulala kitanda kilekile tunachosema hakitoshi.

Masomo yenyewe si magumu. Mgonjwa alishwe akiwa ameketi wima, kidogokidogo, na asilazwe mara tu anapomaliza kula. Akikohoa kila anapomeza, au sauti yake ikawa kama yenye maji, daktari aelezwe upesi, kwani huenda chakula kinaingia mapafuni. Asivutwe kwa mkono uliolegea anapoinuliwa. Viungo vyake vinyooshwe taratibu kila siku. Akishikwa na kifafa, alazwe ubavu, aondolewe vitu vinavyoweza kumdhuru, wala asitiwe kijiko kinywani. Na dawa za kifafa zisikatizwe bila idhini ya daktari.

Lipo pia somo ambalo jamaa wengi hulikosa kabisa, nalo ni la tabia. Ubongo ulioumia unaweza kumbadilisha mtu. Mpole huwa mkali, mchapakazi hushinda amelala, mwenye akili nyepesi husahau alichoambiwa asubuhi. Kijana niliyemtaja humtusi mama yake, na majirani wamekwisha kuamua kwamba amerogwa au anavuta bangi. La, hasha! Hayo ni matokeo ya jeraha. Mtu kama huyo husaidika akiwekewa ratiba isiyobadilikabadilika, vitu vyake vikikaa mahali pamoja, akipewa kazi moja kwa wakati mmoja, na redio ikipunguzwa sauti. Pombe asiiguse. Mama akiyajua haya hatapona uchungu wake, ila ataacha kudhani kwamba mwanawe anamchukia.

Fikira hii si ngeni. Baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka wa 1978 kuhusu afya ya msingi, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza kwamba watu wenye ulemavu wasaidiwe katika jamii zao wenyewe, na mwaka wa 1989 likachapisha vitabu vya kuwafundishia jamaa nyumbani. Vifaa vyake ni vya kawaida. Milingoti miwili iliyochimbiwa uani hutosha kumfundisha mtu kutembea upya. Kiti imara chenye tundu humwezesha kwenda haja kwa heshima.

Watu wa kufika nyumbani nao tunao. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Mhudumu anayezunguka Kaptembwo, Rhonda, Njoro au Gilgil akipima shinikizo la damu anaweza pia kufundishwa kukagua mgongo wa mgonjwa, kuuliza anavyomeza, na kumwita mtaalamu wa mazoezi ya viungo panapokuwa na haja. Kaunti za Nakuru, Baringo na Kericho zinaweza kuanza na hilo. Na kwa kuwa mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi kwa bima ya SHA, ni haki pesa hizo zigharamie ipasavyo ziara ya mtaalamu nyumbani, sawa na kitanda cha hospitali.

Sisi nasi tusijifiche nyuma ya serikali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunachanga harambee ya kulipa bili ya hospitali, tunapiga picha, kisha tunamwachia mama mmoja kazi ya mchana na usiku kwa miaka. Mama huyo ameacha kibanda chake sokoni, halali, na hana wa kumpokea zamu. Kanisa, msikiti, chama cha akina mama na wenzake wa stendi ya bodaboda wanaweza kugawana siku. Saa tatu za Jumamosi zinatosha mama huyo kwenda sokoni, au kulala tu.

Ubongo hupona polepole. Mengi hurudi katika miezi ya kwanza, na mengine huendelea kurudi hata baada ya miaka. Miezi hiyo ya kwanza ndiyo tunayoipoteza kwa kutojua. Kijana wa mtaani kwetu sasa anakaa nje kwenye jua, akijaribu kufungua kiganja chake kilichojikunja. Angeanza mapema, huenda leo angekuwa anashika kijiko.