Nilitumwa Niwauzie Nyuzi za Uso

Wasee, wiki iliyopita niliingia DM nikapata saluni moja inataka niwafanyie video. Elfu arobaini, dakika moja tu. Kazi yenyewe ni kuwaambia nyinyi muende "mkainuliwe uso bila kisu" saa ya lanchi, jioni uko sherehe. Na mimi niliacha chuo, kodi ya mwezi huu sijalipa. Hiyo pesa si mchezo kwangu.

Lakini kabla nijibu, nilikaa chini nikasoma hii kitu inafanya kazi aje.

Kuinua uso kwenyewe ni upasuaji kamili. Daktari anakata karibu na sikio halafu anaingia chini ya ngozi. Zamani walikuwa wanavuta ngozi peke yake, ndio maana unaona mtu anakaa kama amepigwa na upepo wa nduthi. Mwaka wa 1976, Mitz na Peyronie wa Ufaransa wakaeleza tabaka liko chini ya ngozi na mafuta, linaitwa SMAS. Madaktari wakaanza kukaza hilo. Mwaka wa 1990 Sam Hamra wa Marekani akachapisha mbinu ya kwenda chini zaidi, ngozi na nyama zipande pamoja. Matokeo hukaa miaka. Lakini huko chini ndiko neva za uso zinapita. Moja ikiumizwa, tabasamu lako linaenda upande mmoja.

Sasa hizi za bila kisu. Nyuzi zinapitishwa kwa sindano, zina vimiba vya kushika nyama. Zile za PDO huyeyuka baada ya miezi kadhaa, na uso unaanza kurudi ulikokuwa. Botox hulegeza misuli miezi mitatu, minne hivi. Fila hujaza, lakini ikiingia kwa mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, hata kupofusha jicho. Hiyo kwa tangazo hutaisikia.

Sisemi ni dhambi. Mtu wa miaka 55, amejipanga, amepata daktari bingwa, huo ni uso wake. Shida yangu ni kuuziwa sisi wa miaka 21. Uso wetu haujaanguka, sasa uinuliwe uende wapi? Tunachokimbiza ni ile sura ya filta. Na hapo hata mimi niko na makosa, video zangu nyingi mnanionanga na filta.

Basi nikawauliza maswali matatu. Nani anadunga, na yuko kwa rejista ya KMPDC? Mnatumia nyuzi gani? Mteja akivimba saa nane usiku, anapigia nani?

Wakasoma. Kimya. Siku mbili baadaye nikaona msee mwingine ameposti hiyo video, anacheka tu.

Sijui kama yeye aliuliza. Najua mwenye nyumba wangu bado ananitafuta, na kusema ukweli nimefikiria hiyo elfu arobaini kila asubuhi. Lakini uso ni wako, na mimi singekuwa hapo wakati unakataa kufunga jicho.

Ukitaka kwenda, enda. Lakini uliza hayo maswali matatu kwanza. Rejista iko mtandaoni, unaangalia jina mwenyewe. Mtu akikasirika kuulizwa, usimpe uso wako.